Gesi ya Zamani

Fundi Barafu aliliona gari lile saa saba mchana, mbele ya duka la dawa. Lilikuwa la zamani ila limetunzwa, vioo vyote vimeteremshwa, na mama mmoja kwenye usukani akijipepea kwa gazeti. Fundi mwingine angeona kiyoyozi kibovu. Barafu, aliyejua kusema kuliko kutengeneza, aliona riziki imeegeshwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hili lilitoka kiwandani na gesi ya zamani, nayo haipatikani tena. Ukitaka gesi mpya lazima ubadilishe oili ya kompresa, chujio na mipira yote. Kazi ya siku mbili. Bahati yako, mtungi wa mwisho wa ile ya zamani ninao mimi."

Habari za gesi mpya zilikuwa kweli tupu. Barafu hakupoteza uongo pale ambapo ukweli ulitosha. Uongo ulikuwa kwenye mtungi. Ndani yake mlikuwa na gesi ya kupikia, ambayo hupoza vizuri sana. Kasoro yake ni moja, kwamba hushika moto, na Barafu aliiona ndogo kwa kuwa magari hayakuwa yake.

Mama yule, mkunga mstaafu, alimpeleka nyumbani kwake, alikoishi na shemeji yake. Nusu saa baadaye kiyoyozi kilikuwa kinavuma baridi, na Barafu akataja bei ambayo hata yeye ilimtia haya kidogo.

"Haina neno, mwanangu," mkunga alisema. "Twende tukalijaribu kwanza. Kaa mbele na mimi. Shemeji, panda nyuma, ufunge vioo baridi isitoroke."

Hawajafika mbali, shemeji, mzee mkavu asiye na haraka, akatoa sigara na kiberiti.

"Mzee, humu usivute," Barafu alisema.

"Gari si lako."

"Vuta tu, shemeji," mkunga alisema.

Barafu alianza kutoka jasho katikati ya baridi aliyoileta mwenyewe. "Mama, simama nishuke."

"Tumbo?"

Nyuma, njiti ilikwaruza kiberiti.

"Ni gesi ya kupikia," Barafu alisema mbio mbio, mguu mmoja tayari uko nje ya mlango.

Mkunga akasimamisha gari taratibu. "Najua. Nimepika miaka arobaini. Harufu niliisikia ulipofungua mtungi. Njiti hizo nimezilowesha mwenyewe, haziwaki. Sasa chagua: polisi ni kulia, kwangu ni kushoto."

Barafu alichagua kushoto.

Kwa siku mbili mkunga aliketi kwenye kigoda akimtazama Barafu akiitoa gesi yake, akimwaga oili, akibadilisha chujio na mipira kwa fedha zake mwenyewe, kisha akijaza gesi mpya. Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliifanya kazi vizuri.

Mkunga akamsifu mtaa mzima. "Ni fundi hodari," aliwaambia, "ila akimaliza, mpandisheni garini na mvuta sigara."

Wiki ile Barafu alipata wateja sita wa halali, na kila mmoja alikuja na mzee wake.