Tumbo Safi la Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya kiwanda: kila mpishi alete cheti cha maabara kwamba choo chake ni safi ifikapo Ijumaa, la sivyo aage jiko. Miaka kumi na moja nimepika pale! Mpishi wa jioni keshapata chake. Kakibandika juu ya sinki la kunawia, ili nikione. Kapoteza muda. Sinki lile silisogelei, maji yake ni barafu.

Shida ni kwamba choo changu kina ute, wiki ya tatu hii. Leo na uzi wa damu. Wasiwasi tu. Nitaazima choo cha shemeji, mume wa dada. Kila jioni anamaliza sufuria ya chakula ninayoleta kutoka kazini. Huyo haugui hata mafua.

Jumanne, 4 Machi
Mtu wa maabara aliinamia hadubini mpaka nikasahau kupumua. Akasema ute kidogo ni kawaida, lakini wingi huu wenye damu ni utumbo uliochubuka, na amiba wamo. Akanipa dawa. Nimezitupa. Ninywe dawa za shemeji kwa lipi?

Ukumbi wa kulia chakula leo nusu mtupu. Vijiko havikusikika.

Jumatano, 5 Machi
Nimepeleka cha mama mwenye nyumba. Naye nampelekea sahani ya mapishi yangu kila siku, tumbo lake chuma. Majibu yaleyale! Mtu wa maabara hakuniangalia usoni.

"Hiki nimekiona jana. Juzi kililetwa na dereva wenu, leo asubuhi na mlinzi. Watu tofauti, tumbo moja."

Akaniambia nimletee cha mtu asiyekula jiko letu, aone tofauti.

Nyumbani dada analia. Shemeji amelazwa. Nimeogopa, nasema kweli. Kuna kitu kinatufuata.

Alhamisi, 6 Machi
Benchi zote tupu. Mabomba ya maji yanasikika ukutani. Tumebaki wawili, mimi na mpishi wa jioni, ambaye hubeba chakula chake kutoka kwao. Mzima kabisa! Choo chake ndicho nitakachoazima.

Lakini adui hakupi choo bure. Nimempikia mchuzi wa kupatana, nikauonja kwa kidole mara saba mpaka chumvi ikakaa. Alisita, akanusa, akala. Sahani mbili! Akaahidi kikopo kesho asubuhi.

Hatimaye nimepata tumbo safi.