Mtandio wa Kugeuza

Jumatatu, 4 Machi

Nimeitwa shuleni! Nikajua ni tenda ya sare mpya. Nikavaa lile shati ninalolitundika nje kuvutia wateja, nikanyoosha kola, nikaenda.

Kumbe ni Kifungo. Binti yangu, darasa la nne.

Mwalimu Mkuu ameuliza kipindi cha dini mtoto wangu ni wa chumba gani. Utaratibu wao nauelewa, mimi ndiye ninayewashonea. Jumanne na Alhamisi kengele ikilia, wasichana wanatoa vitambaa mikobani. Wa ustadhi wanajitanda mtandio mweupe na kuingia chumba cha kushoto. Wa katekista wanavaa kola pana ya zambarau na kuingia cha kulia. Walimu wanatazama rangi tu, hawatazami sura. Kifungo hana nyeupe wala zambarau. Anakaa stoo, katikati ya fagio na majembe, yeye na binti wa Fundi Saa. Fundi Saa hasali popote na hataki mwanawe apelekwe popote.

Mwalimu Mkuu akasema stoo haina dirisha na yeye hawezi kulala usingizi. Tuchague chumba. Mwisho Alhamisi.

Tuchague! Mke wangu ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, na siku tulipooana tulikubaliana mtoto atachagua mwenyewe akikua. Makubaliano safi kabisa. Yana kasoro moja: bibi zake wawili hawakuwepo tulipokubaliana.

Jumanne, 5 Machi

Nimepeleleza.

Nimeanza na mama mkwe. Cherehani yangu inakaa kwenye baraza la nyumba yake, kwa hiyo nilikwenda taratibu, kama mtu anayeuliza mvua itanyesha lini. Hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa akichagua. Akasema mjukuu wake akikanyaga chumba cha kulia, cherehani itafute kivuli kingine.

Jioni nikamjaribu mama yangu mzazi. Tunaishi naye, na ndiye anayepika, maana mke wangu ni muuguzi na zamu zake hazieleweki. Mama akasema mjukuu wake akikanyaga chumba cha kushoto, yeye anahamia kwa mdogo wangu, na sufuria zake anabeba zote.

Kulia jua kali. Kushoto njaa.

Mke wangu ameshauri tuwaite wote wawili tuwaambie ukweli. Maskini, zamu zinamchosha.

Jumatano, 6 Machi

NIMEPATA!

Nilikuwa natia bitana koti la karani wa posta. Nikalishika nje, nikalishika ndani, mkono ukasimama hewani. Bitana! Nguo ina pande mbili, na hakuna sheria inayosema upande wa ndani ufichwe maisha yake yote.

Nimeshona bila kula. Kitambaa cha popolini, nyeupe huku, zambarau kule, mshono umezama ndani, kamba shingoni. Ukiuvuta kichwani ni mtandio. Ukiugeuza ukaushusha mabegani ni kola ya kwaya. Nusu ya kwanza ya kipindi Kifungo anakaa kushoto. Kisha anaomba ruhusa ya kwenda msalani, anageuza, anaingia kulia, anasema amechelewa. Mpango hauna tundu hata moja.

Nimeshonea na lebo yangu ndogo ya duka, pande zote mbili. Kazi nzuri lazima ijulikane ni ya nani.

Fundi Saa, aliye ng'ambo ya barabara, alivuka na lenzi yake ingali jichoni. Akauliza kama Kifungo atabaki stoo. Nikamjibu kwamba Kifungo anapanda cheo. Akasema basi binti yake atabaki peke yake, akarudi kwenye saa zake.

Wivu mtupu! Anagombea uenyekiti wa kamati ya wazazi. Nami nagombea.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Ushindi!

Mwalimu Mkuu nimemwambia tumechagua, hakuuliza chumba kipi. Ustadhi amemsifu Kifungo kwa kutulia. Katekista amemsifu kwa sauti. Nimekimbia kwa mama mkwe kumwambia mjukuu wake leo alikuwa kwa ustadhi. Nimekimbia nyumbani kumwambia mama mjukuu wake leo alikuwa kwa katekista. Hakuna uongo hata chembe. Nimeukata ukweli vipande viwili tu, na kukata ndiyo kazi yangu.

Mama mkwe ametoa ndani kiti chenye mgongo akaniwekea barazani. Miaka yote nakalia stuli! Mama naye kanipakulia mnofu ambao kwa kawaida huwekewa mgeni.

Kifungo amesukuma sahani kando. Aliniuliza kama anaweza kumpa mwenzake wa stoo kitambaa chake. Nikamwambia siasa haichezwi hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Baraza limejaa akina mama! Wasichana wa darasa zima wamekiona kitambaa cha Kifungo na kila mmoja anataka chake. Anayetaka mtandio namwambia una bitana, haupeperuki. Anayetaka kola namwambia ina bitana, haijikunji. Hakuna aliyeuliza bitana ni ya rangi gani. Watu hawapendi kuuliza maswali kwa fundi aliyeshika mkasi.

Na kila mama ni kura! Mke wangu amerudi kazini, akageuza mmoja mbele na nyuma, akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyetupa vidonge. Nimeanza kuandika hotuba ya ushindi.

Jumanne, 12 Machi

Ustadhi ana hadithi. Anazisimulia kwa sauti za wanyama na za wafalme. Katekista ana nyimbo, na mtu anaruhusiwa kupiga makofi. Hayo nilikuwa nayajua. Nisichojua ni kwamba wasichana nao wameyajua.

Leo wakati wa hadithi chumba cha kushoto kilifurika hadi wengine wakakaa madirishani. Wakati wa nyimbo, cha kulia kikatetemeka. Jioni ustadhi amepita barazani uso unang'aa, akasema hajawahi kuona watoto wenye hamu namna hii. Hajamaliza kuondoka, katekista huyo, maneno yaleyale. Wote wawili wameahidi kunipigia kura!

Nikiwa mwenyekiti nitashona pazia la ofisi. La kugeuza.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika mlango ukiwa na komeo.

Nilikwenda shuleni kumpimia Mwalimu Mkuu dirisha la ofisi. Sikujua kwamba leo ustadhi ametangaza kusomesha sura za Kurani kwa moyo, mmoja mmoja, mbele ya wenzao. Sikujua pia kwamba katekista, muda uleule, ametangaza kuuliza Amri Kumi kwa mfuatano.

Darasa zima la kushoto likaomba kwenda msalani. Darasa zima la kulia likaomba kwenda msalani.

Wakakutana ukumbini.

Sijawahi kuona nguo nyingi zikigeuzwa kwa kasi ile, nyeupe, zambarau, nyeupe, kama njiwa waliokosa pa kutua. Aliyekimbia jaribio la huku akakutana na aliyekimbia jaribio la kule, wakaambiana, wakageuza tena. Ustadhi akatokea mlango wake. Katekista akatokea mlango wake. Binti wa katekista alikuwa amejitanda nyeupe hadi kwenye nyusi. Mpwa wa ustadhi alikuwa na kola ya zambarau na mdomo uko tayari kuimba.

Wanaume wale wawili wamefundisha vyumba vinavyopakana miaka mingi na sijawahi kuwaona wakizungumza. Leo wakainama pamoja. Wakashika kitambaa kimoja, kila mtu ncha yake. Wakakigeuza. Wakasoma lebo. Wakakigeuza tena. Wakasoma lebo.

Kisha wakainua macho, nami nipo pale na futi yangu shingoni.

Jumamosi, 16 Machi

Mkutano wa wazazi. Benchi zote zimejaa. Upande wa kushoto na wa kulia hamna tena! Wa huku wamebanana na wa kule, wanapeana nafasi, wanapeana maji, mradi tu kila mmoja anione vizuri.

Nilisimama. Nikasema mimi ni mtu wa amani. Nikasema bitana ni ishara ya umoja. Sauti moja nyuma ikaniambia nikae, nami nikakaa.

Mama mkwe na mama yangu walikuwa mstari wa mbele. Tangu harusi yetu wanasalimiana kwa kichwa tu. Mama mkwe akamgeukia mama.

"Dada, na wewe alikuambia mtoto yuko kwenu?"

"Amekula nyama yangu kwa maneno hayo."

"Mimi nimempa kiti."

Wakanitazama kwa pamoja. Nimepigwa na jua, nimelala njaa, nimewahi kudungwa sindano ya cherehani hadi kwenye mfupa. Vyote ni afadhali.

Mwalimu Mkuu akasema tumezungumza vya kutosha juu ya kichwa cha mtoto, hebu tumsikie mwenyewe. Kifungo akasimama. Nikamkonyeza. Akageuza uso.

"Dini bibi zangu wananifundisha nyumbani, wote wawili, hawapumziki," akasema. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Hapa shuleni nataka kukaa na mwenzangu. Tangu baba anishonee kile kitambaa yuko stoo peke yake, na taa ya stoo imekufa."

Fundi Saa alitoa lenzi jichoni akaifuta, ikachukua muda mrefu kusafika. Chafu sana, nadhani.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Akasema mjukuu wake hakai gizani, na mtoto wa mwenzake hakai gizani. Mama akasema ndivyo. Ustadhi akasema ndivyo. Katekista akasema ndivyo. Mwalimu Mkuu akafunga stoo palepale. Kuanzia wiki ijayo wasio na chumba watakaa maktaba, penye madirisha, naye mwenyewe atawasomea vitabu, na Kifungo atakaa huko hadi siku atakayosema vinginevyo mwenyewe. Kama tulivyokubaliana mimi na mke wangu, kwa kweli. Wazo lilikuwa langu tangu mwanzo, ila hakuna aliyekumbuka kulitaja.

Fundi Saa amechaguliwa mwenyekiti. Mimi nilipata kura yangu.

Jumatatu, 18 Machi

Cherehani ipo palepale. Chakula kipo. Kifungo ameondoka asubuhi anaruka, ameshikana mkono na binti wa Fundi Saa. Mke wangu anaimba anapopiga pasi. Mtu angedhani nina furaha.

Sina! Mama yangu amehamishia kiti chake barazani. Mama mkwe amekuja na kile chenye mgongo, nami nimerudishiwa stuli. Mmoja kulia kwangu, mmoja kushoto, cherehani katikati. Wanakunywa chai birika moja. Nikishona, huyu anakagua mshono na yule anaufumua. Nikiinuka kunyoosha mgongo, wanaulizana kwa sauti kama nimemaliza. Mteja akija wanamwambia aigeuze nguo kwanza. Wanaitana dada kutwa! Sivumilii hadi Ijumaa.

Nimefikiri. Popolini imebaki. Nitawashonea mito ya viti. Mama nitamwambia mwenzake anasema mto wake ni duni. Mama mkwe nitamwambia mwenzake anautamani mto wake. Watanuniana kidogo tu, kiasi cha kila mmoja kukaa nyumbani kwake, nami nipumue. Na wakija kulinganisha, haitagundulika kitu, maana mito yote ni nyeupe huku na zambarau kule.

Mpango hauna tundu hata moja. Na safari hii sishonei lebo.