Mbeleko ya Mkurugenzi

Kwa furaha kubwa na kwa maslahi mapana ya taifa, Ofisi ya Maboresho ya Burudani ilitangaza kwamba kuanzia mwezi uliofuata, hakuna mkazi wa Dar es Salaam atakayeruhusiwa kucheza mchezo wa kompyuta wa mikakati ukiwa vilevile kama ulivyotoka kwa waliouunda. Kila mchezo utavishwa modi. Modi, kwa wasiojua, ni kiraka ambacho mtu baki anakishona juu ya mchezo ili askari wako wakimbie zaidi, ghala lako lisiishiwe mahindi, au ng'ombe wako wavae miwani. Ofisi ilikuwa imefanya utafiti wa kina na kugundua kwamba wapo wachezaji wanaozikataa modi, tena kwa hiari yao, tena wakiwa na akili timamu. Jambo hilo lilitafsiriwa kuwa ni kupinga maendeleo.

Mkakati ukapewa jina: MKUHAMO, yaani Mkakati wa Kuhamasisha Modi. Ukapewa fulana, kofia na wimbo. Kilichobaki kilikuwa kuutekeleza, na kazi hiyo ndogo akatupiwa Melkiori.

Melkiori alikuwa Afisa Mwandamizi Msaidizi, mtu mpole wa Kibosho, aliyeamini kila kitu kilichopigwa muhuri. Ofisi yao ilikuwa Upanga, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa ikiboreshwa tangu siku ya uzinduzi. Kwa hiyo alifika kwa Mkurugenzi Idrisa akihema kama kuku wa mchana.

"Kariakoo," alisema Mkurugenzi. "Mtaa wa Narung'ombe, juu ya duka la ndoo. Kuna mama anaitwa Mwanamize, ana chumba cha kompyuta. Watu wanacheza mchezo unaitwa Himaya, na hawatumii modi hata moja. Wanacheza chukuchuku."

"Chukuchuku, mzee?"

"Kama ndizi za mgonjwa. Nenda ukajue kwa nini. Wakikubali modi, vizuri. Wasipokubali, siku ya kilele cha MKUHAMO nakuja mwenyewe, napafunga."

Melkiori akashuka ngazi akiwahurumia watu wa Kariakoo kwa ujinga wao.

Bi Mwanamize alikuwa mjane wa Kiarabu, ushungi begani, birika la kahawa mkononi, na ulimi ambao haujawahi kuvikwa kifuniko. Chumba chake kilikuwa na kompyuta mbili tu zilizotazamana. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa ya mabenchi, maana wateja wengi hawakuja kucheza. Walikuja kuona mtu akishindwa.

"Shikamoo mama," alisema Melkiori.

"Marahaba. Foleni inaanzia pale."

"Sikuja kucheza, mama. Nimekuja kufanya tathmini."

"Tathmini nayo inaanzia pale."

Akakaa. Akauona mchezo. Wachezaji wawili wanatawala miji miwili, katikati mto na daraja. Wananchi wakiwa na shida wanachomoza juu ya mapaa na kupiga kelele: maji, unga, kodi. Ukiwasikiliza, wanatulia. Ukiwapuuza, wanafungasha virago na kuvuka daraja kwenda kwa jirani. Mavuno ya mwisho yakiisha, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mshindi anabaki kwenye kiti. Aliyeshindwa anarudi mwisho wa foleni, na njiani anapigwa vijembe na yeyote mwenye pumzi.

Melkiori akaanza kazi ya serikali. Akamgeukia Mama Severa, mwanamke wa Rombo anayeuza sufuria kwa jumla.

"Mama, kwa nini hutumii modi?"

"Baba, mimi nikipewa wali naonja kwanza wali. Wewe unataka nimwagiwe mchuzi kabla sijajua kama kuna mchele humo?"

Melkiori akahifadhi jibu kichwani: ukosefu wa elimu.

Akamgeukia Beno, fundi simu wa Mtaa wa Aggrey.

"Bosi, mchana kutwa natengeneza simu za watu," alisema Beno. "Jioni nije kutengeneza na mchezo? Modi hizo, mchezo ukipata toleo jipya tu, zinagoma. Binamu yangu alijenga himaya tangu Ramadhani. Asubuhi moja akaamka, akakuta bahari. Bahari tupu, kaka. Na samaki mmoja anamtazama."

Ukosefu wa elimu, wa kiwango cha ufundi.

"Na wewe, Bi Mwanamize?"

Mama akamimina kahawa kwanza. "Mwanangu, timu yako ikishinda kwa kubebwa na refa, mtani wako anakuambiaje?"

"Anasema tumepewa mbeleko."

"Basi ndiyo hiyo modi. Mbeleko. Ukinishinda umebebwa mgongoni, utanicheka kwa uso gani? Na mimi nikiumia, naumia nini? Hapa watu wanapanda ngazi zote zile waje wachekwe kihalali."

Melkiori hakuelewa. Zamu yake ilipofika akakaa kitini, kwa nia ya kitaalamu tu, akacheza na Beno. Akashindwa kabla kahawa haijapoa.

"Afisa!" Beno alipiga kelele. "Hata mbuzi wako wamehamia kwangu! Wanauliza kama huku kuna posho!"

Chumba kizima kikacheka. Melkiori akasikia kitu kikimchoma chini ya tai, mahali ambapo hapajawahi kuguswa na mkutano wowote. Kesho yake akarudi. Na kesho yake tena. Ofisini alisema yuko uwandani. Alichotaka sasa duniani ni kimoja: kumshinda Beno siku moja, chukuchuku, na kumwambia neno kuhusu mbuzi. Chumba kikifungwa, angekufa na neno lake moyoni.

Akajaribu kumweleza Mkurugenzi.

"Mzee, wanasema utamu wake ni kwamba ukishinda, umeshinda wewe."

Mkurugenzi alimtazama kwa masikitiko. "Melkiori, mimi nimeshinda mambo mengi maishani. Hakuna hata moja nililoshinda mimi."

Siku ya kilele ikafika. Benchi la mbele likaondolewa kupisha meza kuu, yenye kitambaa na maji ya chupa. Ukutani pakatundikwa turubai jeupe na kioo cha kompyuta ya Mkurugenzi kikarushwa hapo kwa ukubwa, ili umma uelimike. Mshereheshaji akatoa ratiba: mgeni rasmi atacheza Himaya kwa kutumia modi, atamshinda Bi Mwanamize, umma utahamasika, kisha chakula. Umma usipohamasika, dereva yuko chini na kufuli.

Modi yenyewe ilitengenezwa na mshauri mwelekezi kwa ajili ya Mkurugenzi peke yake. Iliitwa Modi ya Utulivu. Kodi ilikusanywa wananchi wakiwa usingizini. Kila kisima kilizinduliwa kwa ngoma, kiwe na maji au kisiwe nayo. Na juu ya yote, wananchi hawakulalamika. Mshauri alikuwa amezifuta kelele zote na kuweka tabasamu mahali pake, na juu kulia mwa kioo pakaandikwa: Furaha, asilimia mia.

Mchezo ukaanza. Upande wa Bi Mwanamize palikuwa kama sokoni Jumamosi. "Maji! Unga! Mtaro umeziba!" Mama anakimbiza mkono huku na huku. "Haya, haya, nimesikia, msinipasue masikio! Wewe wa paa la bati, subiri, kuna mwenye mtoto!"

"Sikilizeni vurugu ile," Mkurugenzi aliwaambia meza kuu. "Huo ni utawala?"

Upande wake palikuwa kimya. Ngoma ilipigwa, visima vikazinduliwa. Mvua ikakataa, ghala likaisha, hakuna aliyesema neno. Melkiori, aliyesimama nyuma ya kiti cha bosi, akaona mstari wa vijitu vidogo ukielekea darajani, mikeka kichwani, wakitabasamu.

Akainama sikioni. "Mkurugenzi, watu wanaondoka."

"Wanakwenda ziara ya mafunzo."

"Wamebeba vitanda, mzee."

"Ziara ya muda mrefu."

Mavuno ya mwisho yakaisha. Mkurugenzi akasimama akanyoosha kidole ukutani. "Furaha, asilimia mia!" Akapiga makofi. Alipiga peke yake. Mshereheshaji akasogeza uso kwenye kioo, akasafisha koo, akasoma matokeo kwa sauti ya mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya msiba.

"Bi Mwanamize, miji miwili. Mgeni rasmi... mpiga ngoma mmoja."

Mpiga ngoma alikuwa na furaha sana. Ndiye aliyekuwa ile asilimia mia.

Mkurugenzi akajikaza, akasubiri kicheko. Alikuwa ameandaa hata namna ya kukasirika. Kicheko hakikuja. Watu walikunywa kahawa zao, wengine wakatazama kucha.

"Mbona hamcheki?" aliuliza.

"Tumcheke nani, mwanangu?" alisema Bi Mwanamize, tena kwa upole. "Mtoto akiangushwa na aliyembeba, anachekwa mtoto? Wewe hukucheza. Kilichocheza ni kile ulichofungiwa mgongoni."

Pale Mkurugenzi Idrisa akaumia. Kuchekwa kungepita. Lakini kuonewa huruma na watu waliokaa juu ya duka la ndoo! Akatazama mlango. Akifunga chumba sasa, mpaka jioni Kariakoo nzima, kuanzia wauza mitumba hadi wauza ndimu, itajua kwamba kuna mkubwa alibebwa mpaka akaangushwa, akafunga mlango asichekwe. Akavua koti.

"Itoeni hiyo takataka," alisema. "Turudie. Chukuchuku."

"Hewala," alisema Bi Mwanamize. "Kaa nyuma ya yule kaka mwenye mzigo wa vitasa."

Na akakaa. Zamu yake ilipofika, Beno ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha mshindi; alishindwa vibaya, na kicheko alichokisubiri kikaja chote, na faida juu. "Bosi!" alisema Beno. "Hata mkunga wako kahamia kwangu, anasema huko kwako hawazaliwi watu, wanazinduliwa!" Mkurugenzi akawaka masikio. Kisha, mbele ya macho ya Melkiori, akacheka. Meno yake yalikuwa mazuri tu. Ofisini hayakuwahi kuonekana.

Kuanzia hapo akawa haji ofisini. Wiki ya tatu simu ikapigwa kutoka ngazi za juu kabisa, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa na kazi, akamwambia Melkiori aiweke kwa sauti.

"Mkurugenzi," ilisema simu, "MKUHAMO umefikia wapi? Tunasikia wewe mwenyewe huna modi. Kwa nini?"

Mkurugenzi hakuondoa macho kwenye kioo.

"Mheshimiwa, nataka nikimshinda huyu mama, aumie."

"Sijakuelewa. Na chumba kimefungwa?"

"Kitafungwa, mheshimiwa. Siku nitakayomshinda, siku hiyohiyo. Neno langu hilo. Siwezi kufunga nikiwa nadaiwa."

Simu ikakatika. Watu wakatazamana. Beno akapiga mluzi wa chini. Maana katika mchezo huo huo uliokuwa ukiendelea, Mkurugenzi alikuwa anaongoza. Wiki tatu za vijembe zilikuwa zimemfundisha. Ghala lake limejaa, daraja lake lina walinzi, watu wake wengi kuliko wa Bi Mwanamize, na yamebaki mavuno ya mwisho tu. Mama alikuwa amesahau birika jikoni. Mama Severa alishika rozari.

Melkiori akatazama kioo, jasho likimtiririka. Akawaza mbuzi. Akawaza neno lake.

Ndipo juu ya paa moja katika mji wa Mkurugenzi akachomoza mzee mdogo, mikono juu. "Maji!" Pembeni yake akachomoza mwingine. "Maji!" Kisha mtaa mzima. Kazi ya afisa msaidizi, kwa mujibu wa taratibu zote za utumishi, ni kumnong'oneza mkubwa wake. Melkiori akainua macho, akaanza kukagua dari.

Mkono wa Mkurugenzi ulisogea kuelekea kwenye paa. Ukasita.

"Hawa nao wamezidi," alisema. "Juzi tu nimewazindulia kisima."

Akawaruka. Vijitu vikaanza kukunja mikeka. Bi Mwanamize akashusha pumzi ndefu, akaenda kutoa birika motoni, na Melkiori akasogea kando kwa heshima, kumpisha bosi wake njia ya kwenda mwisho wa foleni.