Mbu wa Plastiki Anyimwa Damu

"Jamani, dunia imekwisha!" Redio alipayuka akitoka kwenye kibanda chake cha kunyolea, simu mkononi, mkasi ukining'inia kidoleni. Kinyozi huyo, habari haipoi kinywani mwake. "Mkutano wa wanasayansi wa malaria unafunguliwa kesho, na ukumbini wamejenga mbu mkubwa kuliko gari. Kwa vitofali vya plastiki, vile wanavyochezea watoto!"

"Kwani mbu wa bure wameadimika?" akauliza Soli, fundi viatu. "Waje chumbani kwangu, wachague saizi."

Macho yakamgeukia Pimamaji. Mwashi huyo ndiye aliyeitwa kuvipanga hivyo vitofali, na sasa alikuwa amekaa ncha ya benchi la dada wa kahawa, mfuko mapajani, kahawa yake ikipoa.

"Kwa hiyo wewe, kaka, baada ya maghorofa yote yale umerudi chekechea?" Redio akamchokoza.

"Kazi ni kazi."

"Na saruji je?"

"Haihitajiki. Vinashikana vyenyewe."

"Basi vina akili kuliko ukuta ulionijengea!"

Wakaangua kicheko. Hata Pimamaji alicheka, kwa pua.

"Mfukoni umebeba nini?" akauliza dada wa kahawa.

"Vitofali vyekundu. Daktari mwenye mkutano anataka mbu aonekane kashiba damu. Mimi tumbo nimelijenga jeupe. Kasema nilibomoe leo hii, niweke vyekundu, la sivyo atatafuta mwashi mwingine."

"Si uweke?"

"Mkono haukubali."

"Mkono au uvivu?" Redio akadakia. "Mbu anayeuma ni jike, na jike halinyimwi chakula!"

"Na wanaoshinda kwenye benchi langu bila kununua kitu ni madume watupu," dada wa kahawa akamrudi.

Redio hakumsikia, alikuwa kanoga. "Mshibishe, kaka! Mjaze damu mpaka apasuke! Kwani inatoka kwako?"

Dada wa kahawa akalitua birika chini. Malaria ilimchukua mke wa Pimamaji mvua zilizopita, na Redio mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

"Kaka..." Redio akaanza. Akautia mkasi mfukoni.

"Kwangu ameshakula," Pimamaji akasema taratibu. "Simwongezi."

Soli akakohoa. "Haki kabisa. Afe na njaa, mshenzi huyo."

Simu ya Pimamaji ikalia. Alikuwa daktari. Pimamaji akasogea kando, wakamsikia akisema, "Siweki, daktari. Ni kwa ajili ya mke wangu." Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, akarudi.

"Kasemaje?"

"Tumbo libaki jeupe. Lakini kesho nisimame pale pale, na wageni wakiuliza kwa nini mbu ana njaa, niwajibu mimi."

"Wewe?" Soli akashika kichwa. "Wewe ambaye salamu yako ya asubuhi tunaipata mchana?"

"Nitawatajia jina lake. Wakitaka zaidi ya hapo, sina."

Redio akakung'uta taulo, akapangusa kiti chake cha kunyolea. Tangu siku ya mazishi, wembe haukuwa umegusa kidevu cha Pimamaji.

"Njoo ukae hapa, kaka, kabla sijabadili nia. Huwezi kwenda kumsimanga mbu mbele za watu na kichaka kama hicho kidevuni. Atadhani umemletea makazi."