Pilipili, Peptidi na Mapafu ya Karani

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wetu wa kifua anatafuta watu wenye pumu kwa utafiti. Mama huyu ana akili ya ajabu! Ametuchorea ubaoni: neva za njia ya hewa zikikerwa hutoa peptidi, vipande vidogo vya protini vinavyopeleka ujumbe. Kwa mwenye pumu ujumbe unapita kiasi. Njia inavimba, ute unajaa, misuli inabana. Hata pilipili huziamsha neva hizo. Nilisahau kufunga mdomo.

Watakaojitolea watapigwa picha naye. Miwani, fundi wa maabara, ameshaanza kujipitisha mbele ya kamera. Mimi karani wa mapokezi nibaki nyuma? Thubutu! Dada yangu ana pumu, kaandikishwa. Mimi sina. Nimejiandikisha hivyo hivyo.

Jumanne, 5 Machi
Nimekohoa asubuhi nzima, kwa ustadi. Kisha nikapuliza kwenye kipimo cha pumzi. Mshale ukapanda hadi mwisho! Miwani akasema nikajaze upepo matairi. Wivu tu. Daktari akasema kwa upole kwamba kesho atapima peptidi kwenye kohozi.

Kohozi! Nimenunua pilipili ya unga.

Jumatano, 6 Machi
Aibu. Kabla ya kipimo nilinusa pilipili kwenye leso. Mama yangu! Nikapiga chafya, leso ikaruka, unga ukatapakaa chumba cha kusubiri. Dada alikuwa kiti cha pili. Kifua kikaanza kumlia filimbi. Hakuweza kumaliza neno. Nikaganda.

Daktari alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Akamtoa nje penye hewa, akamkalisha wima, akamwekea inhela mdomoni. “Vuta, dada. Shikilia. Sasa toa.” Sauti tulivu kabisa, utadhani anamsomea hadithi. Baada ya robo saa dada akapata pumzi. Neno lake la kwanza: “Mjinga!” Alikuwa ananitazama mimi. Nikalia, nikasema yote.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari hakunifukuza. Moyo gani huu! Ila alinikalisha chini, akasema kipimo cha uongo leo ni dawa mbovu kesho, na atakayeimeza ni mtu kama dada yangu. Sikuwa na pa kuweka uso. Kisha akasema anahitaji pia watu wenye mapafu mazima, wa kulinganisha nao. Langu ni moja tu: kusema kweli. Nimeapa mbele yake na mbele ya dada, ambaye amenisamehe nusu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepewa fomu ya wenye afya. Maswali mepesi! Umewahi kuugua mafua? Nimejibu: tangu kuzaliwa, kamwe. Unafanya mazoezi? Nakimbia kilomita kumi kila alfajiri.

Nimechungulia fomu ya Miwani. Naye kaandika kumi, mwongo mkubwa! Nimefuta yangu, nikaweka ishirini. Daktari anastahili mapafu bora kuliko yote.