Kumi na Tano Mgongoni

Jumatatu, 2 Septemba

Mwanangu kachaguliwa timu ya chuo! Mpira wa kikapu! Wasichana arobaini walijitokeza, wamebaki kumi na wawili, na mmoja nimemzaa mimi. Nilipiga kigelegele hapa kibandani, mteja niliyekuwa nampima kiuno akaruka. Nimeandika inchi tisini. Kesho nitampima upya.

La pili: jezi nashona mimi. Kocha kaleta kitambaa kwa mkono wake. Kasema Jumamosi wana mechi ya kirafiki, kisha atataja watano wa kuanza msimu. Watano tu, waliobaki benchi. Nikamwambia mwanangu na benchi wapi na wapi, huyo hata nyumbani hakai. Kocha akacheka.

Kwa nini alicheka?

Jumanne, 3 Septemba

Nilijua! Kocha kaleta orodha ya namba za kushona mgongoni. Namba nne: Mlingoti. Namba kumi na tano: mwanangu. Wa mwisho! Shule sikukaa sana, lakini kuhesabu najua. Nne iko mbele, kumi na tano iko mkiani.

Na huyu Mlingoti ni nani? Binti wa msusi wa kibanda cha mbele yangu. Mrefu, sawa. Hata nguzo ya umeme ni ndefu, inafunga mabao? Na mwezi uliopita mke wa kocha alisukwa wapi? Hapo hapo kwa msusi, kutwa nzima, wananong'ona na kuchekeana. Kumbe walikuwa wanapanga timu.

Jambo jingine. Orodha inaanzia nne. Moja, mbili na tatu wako wapi? Nimegeuza karatasi nyuma, hamna. Wamefichwa.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemwuliza mwanangu kwa mzunguko, kama anayeuliza bei ya chumvi, kama namba ina maana yoyote. Akasema, mama, namba ni namba tu, we shona. Akaenda zake kudundisha mpira. Maskini mtoto, ana roho safi, hajui walimwengu.

Basi nimeshona. Nne nimempa mwanangu. Kumi na tano nimempa Mlingoti. Nimekunja kila jezi na kuibandika kikaratasi cha jina kwa pini, zote kumi na mbili, safi kama za dukani. Mkasi ni wangu, cherehani yangu, uzi wangu. Nani ataniuliza?

Msusi kapita, kasimama mlangoni. Eti shoga, naona namba zimekukalia vizuri. Alitaka kujua nini? Nikamwambia kila mtu na ufundi wake, yeye ashike vichwa. Akasema vichwa vingine hata kushika anaogopa. Nikacheka kwa meno tu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mechi! Kocha hakuwepo, eti kaenda kung'olewa jino. Jino, siku ya mechi! Mwalimu wa michezo ndiye alisimamia, sikio moja kwenye simu muda wote. Wasichana walizipokea jezi bila neno, wakadhani kocha kabadilisha namba. Mlingoti alinuna kidogo. Anune.

Mwanangu kafunga pointi ishirini na mbili! Nilihesabu kwa vifungo, nikihamisha kimoja kimoja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mlingoti alifunga tatu, akachezea watu rafu mara tano, akatolewa nje. Nikasimama kumwangalia msusi. Naye akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Alitafuta mpaka mwisho wa mechi.

Jioni nimewapigia ndugu wote. Shangazi zake, mjomba wake, na jirani wa zamani ambaye hata hakunikumbuka.

Jumatatu, 9 Septemba

Wizi! Wizi mchana kweupe!

Nimekwenda chuoni kusoma ubao wa matangazo. Imeandikwa: Matumaini ya msimu. Mlingoti, pointi ishirini na mbili, nguzo ya timu. Mwanangu, pointi tatu, rafu tano, ataanzia benchi mpaka mikono yake itulie.

Mikono yake! Nimevilea mimi vile viganja!

Nimeingia kwa kocha bila hodi. Shavu limemvimba kama andazi. Nikamwambia yote: msusi, mke, nywele, jino. Nikamwagia vifungo ishirini na viwili mezani, ushahidi. Kocha akavitazama. Akasema yeye hakuona mechi, anafuata karatasi ya pointi inayoandikwa mezani, na watu wa meza hawajui sura ya mtu. Huandika namba iliyo mgongoni, kisha wanatafuta jina kwenye orodha yake. Kumi na tano kacheza rafu, anaandikiwa wa kumi na tano.

Halafu akaniuliza taratibu: fundi, mwanao alivaa namba ngapi?

Nikasema cherehani yangu ina matatizo siku hizi.

Akamwita mwanangu. Mtoto akaniangalia, akaangalia vifungo, akaelewa. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kocha akasema namba si cheo. Zinaanzia nne kwa sababu mwamuzi akionyesha kidole kimoja, viwili au vitatu anaonyesha pointi, watu wasichanganye. Akauliza kwani namba kumi na tano nani alimpa. Mwanangu akasema aliichagua mwenyewe, kwa sababu kibanda cha mama yake sokoni ni namba kumi na tano, na chakula chote alichokula tangu azaliwe kimetoka humo.

Nikaanza kuokota vifungo. Vilikuwa vingi ghafla, na sikuviona vizuri.

Kocha kasema pointi atazirudisha kwa mwenyewe, na mwanangu yumo kwenye watano. Mradi nirudishe namba kama zilivyokuwa.

Jumanne, 10 Septemba

Mwanangu kala, kaosha sahani yake tu, yangu kaiacha. Mlingoti kaleta jezi, kapiga magoti kunisalimia, kasema kocha kamwambia apunguze rafu atapata nafasi yake, na yeye hana kinyongo na mama. Msichana mzuri. Kafunzwa na nani? Si na yule msusi.

Nimefumua. Nimeshona nne kwa Mlingoti, sawasawa, sijapindisha hata uzi. Usiku mwanangu kanisogelea, kaegemeza kichwa begani, kasema usirudie, mama. Nikaapa.

Jumatano, 11 Septemba

Kumi na tano imerudi mgongoni kwa mwanangu, kama nilivyoahidi. Ila nimefikiri. Hadithi ya vidole ni nzuri, lakini nani ameiona imeandikwa? Kocha anasema, mke wake anasukwa. Moja, mbili na tatu bado sijaonyeshwa.

Basi ile moja nimeikata kubwa, inaanzia shingoni mpaka kiunoni. Na tano nimeikata ndogo, kama kidole gumba, pembeni kabisa. Kumi na tano ni kumi na tano, sijabadilisha kitu. Ila mtu akiwa mbali ataona moja. Watu wa mezani wavae miwani.

Nimewapigia tena shangazi, mjomba, na yule jirani, sasa ananikumbuka. Mechi ya kufungua msimu ni Jumamosi, tarehe 14, saa tisa alasiri. Waje wote, wakae juu kabisa, nyuma.