Hotuba ya Kuzindua Maonyesho Makubwa ya Mpiga Picha Wetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ni shemeji yangu lakini aliteuliwa kwa sifa. Waheshimiwa wajumbe mliofika, mnaokuja na mliotuma udhuru. Viongozi wa dini zote. Mwenye viti hivi tulivyokalia. Na ninyi wananchi wa kawaida mliosimama juani kwa hiari yenu: niliyemsahau ajihesabu ametajwa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Mimi, Mkurugenzi wa Sanaa, Ubunifu na Mambo Yanayoshabihiana Nayo, nimesimama hapa kuzindua Mradi Jumuishi wa Kumtoa Mpiga Picha Gulioni na Kumfikisha katika Maonyesho Makubwa ya Kimataifa, mradi ambao, kwa mujibu wa tathmini niliyoifanya mwenyewe juu ya utendaji wangu mwenyewe, umefanikiwa kwa asilimia tisini na nane, na hizo mbili zilizobaki ni uzembe wa wadau. (Makofi. Mzee mmoja anamuuliza jirani yake, "Umefanikiwa nini?")

Nimekusikia, mzee wangu, nakuja huko. Mnamwona binti yule mwenye kamera, anayechuchumaa pale mbele akinipiga picha bila malipo? Nilimkuta kwenye gulio dogo la sanaa la mtaani, ameanika picha zake kwa vibanio vya nguo, meza moja kagawana na mama muuza vikapu. Natazama: fundi viatu kabana misumari mdomoni, mama anamsuka mwanawe, mtoto kakunja uso kama kanyweshwa dawa ya minyoo. Watu wamejazana, huyu anacheka, yule anafuta machozi. Nikasema hapana, kipaji hiki hakina ekspoja! Nikamwita kando: "Mwanangu, unajishusha. Achana na gulio, rudisha hiyo meza, kabidhi picha zako zote ofisini, tukupeleke levo nyingine." Na kwa vile ni mtoto mwenye adabu, meza aliirudisha siku ileile. (Mama muuza vikapu, kutoka nyuma: "Na tangu hapo hajauza hata picha moja!")

Mama, hiyo kitaalamu inaitwa transisheni.

Ofisi yangu haikulala. Tuliunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikasafiri kwenda kujifunza jinsi kamati nyingine zinavyosafiri. Tukaziboresha na kazi zenyewe: kwa kuwa zilikuwa nyeusi na nyeupe, na serikali haiwezi kukaa kimya msanii wake akikosa rangi, tukaagiza baadhi zipakwe rangi. (Mpiga picha anashusha kamera.) Aidha, kwa kuwa maonyesho makubwa yanataka picha kubwa, tulimkuza fundi viatu, tukamkuza tena kwa mujibu wa mwongozo, mpaka tukabaki na tundu moja la pua, ambalo wataalamu wamelisifu sana. Zilizosalia ziko salama sebuleni kwangu chini ya uangalizi wa mke wangu, isipokuwa ile ya mama anayesuka, ambayo mama mkwe wangu aliipenda akaondoka nayo, na ninyi mnajua mama mkwe akishapenda kitu. (Vicheko. Mpiga picha anasimama: "Mheshimiwa, anayesuka ni marehemu mama yangu. Sina picha yake nyingine." Vicheko vinakatika.)

Pole sana, mwanangu. Suala lako limepokelewa, litaingizwa kwenye mchakato. Kaa, uendelee kupiga, na ikiwezekana upande huu wa kulia, ndiko ninakotoka vizuri.

Naelekea mwisho. Nikisema "Picha," semeni "Kimataifa!" Picha! (Sauti chache: "Ziko wapi?") Naona bado hatujajipanga. Sanaa! ("Rudisha picha ya mama wa watu!")

Basi nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wageni wa kimataifa, ambao wangefika bila shaka kama tungewaalika. Naushukuru ukumbi mkubwa wa maonyesho, utakaojengwa mara tu kiwanja kitakapopatikana. Naishukuru bajeti ya mradi, ambayo imetumika yote katika sherehe hii ya kuuzindua. Na namshukuru mpiga picha wetu, ambaye sasa atatupiga ile ya mwisho, ya kuambatanisha kwenye ripoti kwamba maonyesho yamefanyika na yamefana. Wananchi, geukieni ukuta ule wa ghala. Ndiyo, huo huo mtupu. Utazameni kwa mshangao, kama watu wanaoona sanaa. Mzee wangu, shika kidevu. Mwanangu, piga.

(Hakuna anayegeuka. Mpiga picha anafunika lenzi. "Sipigi, Mheshimiwa. Nazifuata picha zangu." Yule mzee anasimama, anajikung'uta suruali: "Kama ziko sebuleni kwake, basi maonyesho yapo. Twendeni tukayaone!" Umati unaanza kuondoka kwa shangwe. "Tuanzie wapi?" anauliza mama muuza vikapu. "Kwa mama mkwe," anajibu mpiga picha, na tayari yuko barabarani.)

Ahsanteni, ahsanteni sana kwa shangwe hizo... Jamani, mbona mnaondoka? Jamani, rudini! Kwa mama mkwe hata mimi siingii bila taarifa!